Tusibane fedha kwenye msingi

Mkulima akishauza mazao, ujenzi huanza. Kwa bahati mbaya, wengi wetu hubana fedha mahali pasipostahili: saruji kidogo kwenye msingi, nondo nyembamba kwenye linta, kisha vigae vya kung'aa sebuleni.

Vigae, rangi na dari vinaweza kusubiri mavuno yajayo. Msingi ukishafukiwa, kuurekebisha ni gharama kubwa. Matofali ya saruji yamwagiliwe maji walau siku 7 kabla ya kujengea. Kwenye mabati, tukumbuke geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Anayetaka kuokoa fedha apunguze idadi ya vyumba, si uimara wa nyumba. Nyumba ndogo iliyo imara haitakula mtaji wa shamba wala wa duka kila masika kwa matengenezo.