KONA YA WALIMU: Miaka 12 na Shamba la Watu

 Mwezi huu tunataka kuongea nanyi habari ya udongo. Si udongo wa kufinyanga watoto wanaoleta darasani, hapana. Ni ule tunaolima na kujengea.

Mnajua jioni tunafundisha watu wazima kusoma. Sasa wengi wakija hawaji na daftari tu, wanakuja na karatasi mfukoni. "Mwalimu, nisomee hii." Nyingi ni karatasi za shamba. Nusu ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto, kidole gumba cha wino, jina moja la mtu, na tarehe hakuna. Pesa imeandikwa vizuri sana, lakini shamba liko wapi haisemi.

Na pamoja na karatasi hizo kuna neno linatembea hapa Koboko, tumelisikia kwenye foleni ya maji na hata kwenye mazishi. Eti mtu akikaa mahali miaka 12 bila kufukuzwa, serikali ya Uganda inampa pale mahali. Lobule ilifunguliwa mwaka 2013. Hesabu ni rahisi, hata watoto wa darasa la pili wanaiweza: 2025 imetimia. Baba mmoja alituambia, "Mwalimu, miaka yangu imekwisha kutimia, sasa hii udongo ni yangu." Alikuwa na furaha kweli, na sisi tukakosa namna ya kuanza kumjibu. Basi tunajibu hapa, kwa wote.

Hiyo 12 si yetu.

Inatoka wapi? Inatoka kwenye Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998. Sheria hiyo inamtaja mtu aliyekaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, akaitumia kwa miaka 12 au zaidi bila mwenye hati kumpinga, kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kazi. Katiba ilianza tarehe 8 Oktoba 1995. Rudisheni nyuma miaka 12, mtafika Oktoba 1983. Maana yake mtu huyo awe alikaa pale tangu 1983 au mbele ya hapo. Hata raia aliyeingia kwenye ardhi ya mtu mwaka 1990 hapiti kwa mlango huo, sembuse sisi wa 2013. Tena sheria hiyo ilitungwa hasa kwa sababu ya mambo ya Buganda, kule kwenye mailo na vibanja, ambako mmoja ana hati na mwingine ndiye anayelima na kuishi juu yake.

Wajanja watasema, "Walimu, iko sheria nyingine ya miaka 12." Ni kweli iko. Inasema mwenye ardhi akichelewa miaka 12 kumshtaki aliyeingia kwake, kesi yake inakufa. Lakini hiyo inahusu mtu aliyeingia bila ruhusa. Sisi hatukuingia kwa nguvu. Tulipokelewa, tukaonyeshwa ploti, tukaambiwa kaeni hapa. Aliyekaa kwa ruhusa, miaka haimhesabii, hata ikifika 40. Kwa maneno mengine, tukitaka kuitumia sheria hiyo tungelazimika kwanza kusema kwamba hatukukaribishwa. Nani kati yetu atathubutu kusema hivyo mbele ya wazee wa Koboko?

Kwa maana ardhi hii ina wenyewe. Katiba inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda, na inamilikiwa kwa njia nne: ya kimila, frihodi, mailo na lizi. Huku West Nile sehemu kubwa ni ya kimila, yaani ya ukoo. Hakuna hati ya ofisini kwa wengi, lakini usidanganyike ukaona ni pori tu. Ule mti uko upande wa ukoo fulani, kile kijito ni mpaka, na wazee wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Ardhi za kambi za huku zilitolewa na koo za wenyeji kwa makubaliano na serikali, na wenyeji wakategemea kwamba shule, visima na zahanati vitakuwa vya wote.

Na walikuwa na sababu ya kutoa. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilipofika huku 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Wakakwa wa hapa walikimbilia kwa Wakakwa wa kule. Wazee wetu wa Aba na Faradje waliwapokea, wakawapa mahali pa kulima, na wao walipopata amani walirudi wakaacha mashamba kwa wenyewe. Wapo wazee wa Koboko wanaokumbuka kisima walichokuwa wanachota upande wa Kongo. Sasa sisi tukisema miaka imetimia, udongo ni wetu, watatuuliza: mbona sisi hatukubaki na wa kwenu?

Haya, sasa tuna haki gani? Tunayo, tena si ndogo. Sheria ya Wakimbizi ni ya 2006 na kanuni zake ni za 2010. Kanuni zinasema mkimbizi anayekaa kwenye kambi za makazi anatumia ardhi bure, kwa kulima au kulisha mifugo. Nchi nyingi hazitoi hiyo. Lakini sentensi hiyohiyo inaendelea: hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuitoa kwa mtu mwingine kwa namna yoyote. Ni ya matumizi yake na ya familia yake, basi.

Kwa hiyo tunaposikia mtu anaondoka, labda anarudi nyumbani au amepata safari ya ng'ambo, na "anauza ploti", tuulizane anauza nini. Mabati ni yake. Mlango na madirisha ni yake. Mahindi yaliyo shambani ni yake. Ardhi haimo. Ukilipa pesa ukadhani umenunua kiwanja, kesho Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoita OPM, inaweza kumleta pale mgeni mpya, na wewe huna mahali pa kulalamika kwa sababu karatasi yako yenyewe inaonyesha mlifanya kitu kilichokatazwa. Lipia mabati, andikeni mabati. Halafu nenda OPM uombe kuandikwa kwenye ploti hiyo kama inawezekana.

Neno kubwa zaidi ni la kukodi mashamba kwa wenyeji. Ploti za kambini ni ndogo, familia ni kubwa, na chakula cha mgao mnakijua. Karibu kila nyumba inalima nje. Wengine wanalipa pesa kwa msimu, wengine wanagawana mavuno, wengine wanalima kwanza la mwenyeji ndipo wapate kipande chao. Yote haya ni mazuri yakiandikwa sawasawa. Ugomvi mwingi tunaoufahamu haukuanza kwa ubaya wa mtu. Ulianza kwa neno moja lisiloeleweka.

Mfano ni mama mmoja wa hapa. Alikodi kwa "msimu mmoja", akapanda muhogo. Sasa muhogo hauna msimu mmoja, unakaa chini mwaka na zaidi. Simsim ilipokwisha kwa majirani, mwenye shamba akaja na jembe lake, yeye akijua muda umekwisha. Mama akasema muhogo haujakomaa. Wote wawili walikuwa wakweli! Wazee wakakaa chini ya mwembe siku mbili, mwishowe akaruhusiwa kuvuna na kuongeza malipo kidogo. Alipona kwa sababu wazee walikuwa na huruma, maana karatasi yake haikutaja muhogo wala mwezi.

Jambo la pili ni kukodi kwa kijana peke yake. Kijana ana shida ya pesa, anakuonyesha shamba, unalipa. Mazao yakianza kupendeza, anatokea baba mdogo: "Nani alikupa? Hii ni ya ukoo." Na anasema kweli. Ardhi ya ukoo mtu mmoja haitoi kimyakimya. Ukiona mtu anakuharakisha, anasema tusiwaambie wazee, ondoka na pesa yako.

Basi wakati wa kuandikiana wawepo hawa: mwenye shamba na mke wake, mzee mmoja wa ukoo, jirani wa mpakani, mwenyekiti wa LC1 na mwenyekiti wetu wa kambi. Mbona mke? Kwa sababu Sheria ya Ardhi inasema ardhi ambayo familia inakaa au inapata chakula, mume hawezi kuiuza wala kuikodisha bila mke kukubali, wala mke bila mume. Tumeona wanaume wanacheka tukisema hivi. Cheka, lakini mlete. Mke akitia kidole, hakuna wa kusema baadaye kwamba shamba la watoto lilitolewa usiku.

Na kwetu pia ni hivyohivyo. Ploti ya kambini ni ya familia, si ya baba peke yake. Mume akisafiri, akifa au akioa kwingine, mama na watoto hawafukuzwi na shemeji. Kama kuna anayewatoa, nendeni kwa kamati yetu na OPM mapema, msingoje nyumba ibomolewe.

Halafu miti. Hapa tunaomba msome polepole. Kwa mila za huku, na za kwetu pia, mti wa kudumu ni kama sahihi. Mtu akipanda mwembe au tiki, anasema mahali hapa ni pangu na pa wajukuu. Kwa hiyo hiyo miembe tunayoiona inapandwa mpakani mwaka huu, jirani mwenyeji haioni kama kivuli. Anaisoma. Ukitaka mti wa matunda kwenye shamba la kukodi, omba kwanza, na iandikwe mti utakuwa wa nani ukiondoka. Na kaburi ni zaidi ya mti. Tuzike mahali palipoonyeshwa kambini. Kwenye shamba la kukodi tusizike kamwe, hata mtoto mchanga, hata kama ni mbali na usiku.

Si huku tu ambako ardhi na kilicho juu yake vina wenyewe wawili. Mombasa, kwenye mitaa ya zamani kama Majengo, watu wameishi hivyo muda mrefu: nyumba ni yako, unaweza kuiuza au kumrithisha mtoto, lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi yake. Na hukohuko, ng'ambo ya kivuko, Likoni, watu waliingia kwenye shamba la Waitiki, ekari 930, mwaka 1997. Ni raia wa Kenya. Walijenga, wakazaa, miaka ikapita zaidi ya 12. Mwenye hati hakuacha kudai. Mambo yalikwisha pale tu serikali ilipolinunua shamba kwa shilingi bilioni 1.1 za Kenya, na hati zikaanza kugawiwa Januari 2016. Kukaa kwao tu hakukutosha.

Kwa ndugu waliohamia Arua na kupanga vyumba kule Oli, maneno machache. Tangu mji uwe jiji, Julai 2020, tunasikia wengi wanataka kununua ploti. Mtu asiye raia haruhusiwi frihodi wala mailo. Anaweza kupata lizi, isiyozidi miaka 99, na ikiwa ni ya miaka 5 au zaidi lazima iandikishwe. Wengine wanatumia njia ya mkato: wananunua kwa jina la rafiki raia. Rafiki anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Je, watoto wake? Akifa, karatasi inasema ni yake, na wewe utakuwa mpangaji ndani ya nyumba uliyoijenga. Kama una pesa ya kununua, una pesa ya kumuuliza mwanasheria kwanza.

Kwa mashamba ya msimu, tumeandika mfano huu. Nakilini kama ulivyo:

"Mimi ... wa kijiji cha ..., pamoja na mke wangu ..., tumemkodisha ... shamba letu lililo .... Mpaka wa juu ni ..., wa chini ni ..., kulia ..., kushoto .... Ni kuanzia mwezi wa ... mwaka ... mpaka mwezi wa ... mwaka .... Atapanda .... Miti ya kudumu hatapanda. Amelipa shilingi ... leo mbele ya mashahidi. Mazao yakichelewa kukomaa ataongezewa miezi ... kwa shilingi .... Akivuna, shamba linarudi kwetu."

Chini yake majina, vidole au sahihi, tarehe, na muhuri wa LC1. Ulizeni mapema kama muhuri una malipo. Isomwe kwa sauti kwa Kiswahili na kwa Kikakwa au Kilugbara kabla ya mtu yeyote kutia kidole. Nakala mbili, na yako usiiweke chini ya godoro, mvua na panya mnawajua.

Tunasaidia kuandika bure kila Jumatano baada ya masomo, darasa la mwisho karibu na tangi. Njoo na mwenye shamba, si peke yako. Kaboni tuliyonayo ni moja na imechakaa, kwa hiyo anayeweza kuja na yake tutashukuru.