Chifu wa Baba au wa Mama?

Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Uganda nayo ilifuta falme zake mwaka 1967, kisha mwaka 1993 ikazirudisha baadhi, pasipo mamlaka ya siasa.

Je, kama machifu wetu wangalibaki na nguvu zao, hali ingalikuwaje Singe, mjini Babati? Hapo Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mmbugwe ni majirani, na majirani huoana. Mtoto wao angalimtii chifu yupi, wa baba au wa mama? Nani angalimgawia shamba?

Mila tuwarithishe watoto, na wazee tuwaheshimu. Lakini haki ya mtu kamwe isipimwe kwa ukoo wake.