Hakuishia kuvumilia
Ndugu mwandishi, kusema katika makala yako kwamba kilichomwinua mwandishi Shaaban Robert baada ya kufiwa na mkewe Amina ni subira tu, hapo sikubaliani nawe. Ndani ya kitabu chake Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini mna Utenzi wa Hati, wosia kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Baba yule hakuishia kuvumilia, aliwaandikia wanawe namna ya kuishi. Huku kwetu Mpapura, mama alipotutoka, baba yetu naye alikuwa akirudi kutoka kupuliza mikorosho, nguo zinanuka salfa, anaoga, kisha anatusomea kitabu hichohicho kwa mwanga wa kibatari. Nanyi wachangiaji wenzangu mnaosema kwamba vitabu vya zamani havina jipya, kisomeni kwanza. Wenye watoto, wasomeeni.