Muuguzi si chuma: anayejenga hospitali amkumbuke

UVIRA – Malalamiko juu ya wauguzi hayaishi. Sokoni, kanisani, kwenye kambi za waliokimbia vita, maneno ni yaleyale: muuguzi alifoka, muuguzi alichelewa, muuguzi alilala kwenye zamu ya usiku. Mengine ni ya kweli, na mwenye kosa ajibu. Lakini kuna mshitakiwa ambaye hakuna anayemwita: jengo lenyewe.

Tazameni kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira inaujua tangu miaka mingi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita 10 hadi 20 za maji kwa siku moja. Analazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Ndoo ikijaa, lazima mtu aibebe, aimwage, aioshe, aitie dawa ya klorini, airudishe. Wagonjwa wa namna hiyo wakiwa 20, ni lita 200 hadi 400 zinazobebwa kwa mikono. Shimo la kumwagia likiwa mbali, bomba likiwa upande wa pili wa uwanja, sakafu ikiwa ya udongo isiyo na mteremko, paa likiwa la shitingi katika joto la bonde la Ruzizi, wafanyakazi wa zamu wanakuwa hoi kabla ya saa sita usiku. Nao ndio tunaotaka saa kumi alfajiri waone mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, wasikosee. Nao ndio tunaotaka wacheke na sisi.

Huo si uvivu. Ni umbali, na umbali huo kuna mtu aliyeuchora kwenye karatasi.

Kwamba jengo linaweza kumpumzisha muuguzi, Kongo yenyewe imeshaona. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, wauguzi walivaa nguo nzito za kujikinga, mwili mzima. Ndani yake joto ni kali kiasi kwamba baada ya saa moja hivi lazima mtu atoke. Hapo shirika la ALIMA likaleta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki za kuonyesha, viitwavyo CUBE. Muuguzi anasimama nje, anapitisha mikono kwenye glavu zilizoshonwa ukutani, anamhudumia mgonjwa kwa kazi nyingi bila kuvaa ile nguo nzito. Mgonjwa anaona sura ya anayemtunza. Mama anamwona mtoto wake. Ugonjwa ule, hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Lakini ulifundisha jambo moja: ukuta ukibadilika, kazi inabadilika.

Basi kwa nini fikra hiyo ije na Ebola, iondoke na Ebola? Je, mwuguzi wa kipindupindu na mzalishaji wa usiku hawana mwili?

Wengine watasema: shida ni vita na mishahara, si madirisha. Ni kweli, mshahara ni deni, na hakuna dirisha litakalolilipa. Ni kweli pia kwamba ukuta hauzuii risasi. Lemera ilijua hivyo tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi walipouawa ndani ya hospitali. Lakini kuweka bomba karibu na vitanda hakungoji amani. Dirisha lililochorwa mapema halina gharama ya kulia. Gharama ni kubomoa ukuta baadaye.

Tena tunajua mazoea yetu. Maji yakifurika, kama mto Mulongwe ulivyofanya Aprili 2020, mahema yanaletwa kuwa ya miezi michache. Miaka inapita, hema linaitwa jengo, na hakuna anayeuliza anayefanya kazi ndani yake anaishije.

Kwa hiyo siku wakubwa wa eneo la afya, serikali ya jimbo na mashirika ya kiutu watakapokuja na mchoro wa jengo jipya, wakaaji na waliohamishwa wasiulize idadi ya vitanda tu. Waulize pia: muuguzi wa usiku atakaa wapi dakika 20 kupumzika? Choo chake kiko wapi, na kinafungwa? Maji ya kunywa na ya kunawa yako hatua ngapi kutoka kwa mgonjwa? Hewa itapita wapi? Taa ya chumba cha uzazi ni ya nani, ya hospitali au ya simu yake?

Mwenye mchoro akikosa majibu, arudi nao nyumbani. Sherehe ya kukata utepe ni ya siku moja. Sisi na watoto wetu ndio tutakaopokelewa humo, na mikono ya mtu aliyechoka.