Bei ya Kinyonga na Gharama ya Kumtibu

Wafugaji wa wanyama watambaao huko Ulaya na Marekani wana lalamiko lao la siku zote: kwamba daktari hutoza kumchunguza mjusi fedha nyingi kuliko zile alizonunuliwa mjusi mwenyewe. Mtu hujipatia kinyonga kwa bei ndogo, kisha mnyama akiugua hutakiwa alipie uchunguzi, eksirei, kipimo cha damu, kipimo cha kinyesi, dawa, na safari ya pili ya kliniki. Wako wanaopiga hesabu wakaona ni nafuu mgonjwa afe, wanunue mwingine. Nionavyo mimi, hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe haliko kwa daktari. Limeanzia huku kwetu, kwenye bei tuliyokubali kumuuzia mnyama huyo.

Hebu tumtazame kinyonga akiwa kwao. Hapa Bungu, wilayani Kibiti, huonekana kwenye mikorosho na kwenye vichaka vya kando ya mashamba. Wengi wetu tunamwogopa, na hakuna anayefikiria kumfuga. Lakini kwenye mkorosho ule kinyonga ana kila kitu, wala halipi senti. Hupanda juani anapotaka joto na kushuka kivulini linapomzidi. Jua humwezesha kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu ya chakula haifiki mifupani. Maji ya kwenye bakuli aghalabu hayatambui. Hunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani. Wadudu anaokula ni wa namna nyingi, nao wenyewe wamelishwa na shamba.

Mtu akimchukua na kumtia katika kisanduku cha kioo katika nchi ya baridi, hana budi kuvinunua vyote hivyo kimoja kimoja. Lazima pawe na taa ya joto. Lazima pawe na taa ya miale ya urujuanimno, nayo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa hata kama ingali inawaka, kwa kuwa miale yake hufifia kabla ya mwanga. Unga wa kalsiamu lazima unyunyizwe kwenye chakula, na maji yanyunyizwe kwenye majani. Kikikosekana kimoja, maradhi huingia. Mifupa hulainika, taya hulegea, miguu hupinda. Joto likipungua, mapafu huugua. Jike asiyepata mahali pa kutagia hubaki na mayai tumboni hadi apasuliwe. Tena aliyekamatwa porini huenda na minyoo yake, ambayo alikuwa akiishi nayo salama hadi dhiki ya safari ilipomwishia nguvu.

Zaidi ya hayo, wanyama hawa huficha ugonjwa, maana porini aonekanaye dhaifu ndiye anayeliwa. Mwenyewe anapogundua, mara nyingi ugonjwa umekwisha kukomaa na tiba imekuwa ghali. Daktari aliyesomea mbwa, paka na ng'ombe hawezi kumtibu kinyonga kwa kukisia. Sharti awe amejifunza zaidi, na waliojifunza hivyo ni wachache kokote duniani. Kwa hiyo hati ya madai anayokabidhiwa mfugaji haitokani na tamaa ya daktari. Ni ankara ya jua na umande, iliyochelewa tu kufika.

Nani aliyeificha ankara hiyo wakati wa kuuza? Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizouza nje wanyama watambaao walio hai kwa wingi. Msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, una mjusi mdogo wa rangi ya buluu anayeishi kwenye miti ya jamii ya mikadi. Watafiti waliandika mwaka 2012 kwamba kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000, na miti ilikatwa ili kuwafikia. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimweka mjusi huyo katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi. Mwaka 2019 kobe wetu wa gamba bapa akamfuata. Na nyoka mwenye pembe aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2011 kutoka nchini mwetu, mahali anapoishi palifichwa, kwa hofu ya wanunuzi wa wanyama wa kufuga.

Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, wakati wa Waziri Jumanne Maghembe. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki mikononi mwao. Haikupita muda Waziri Pindi Chana akaisitisha. Siwabezi waliopata hasara. Wengi walikuwa na leseni halali, walilipa ada na wana familia zinazowategemea. Hoja yao ya kurejeshewa haki zao ni ya kusikilizwa. Lakini hoja kwamba biashara yenyewe irudi kwa kuwa inaleta fedha za kigeni haisimami. Faida yake ilitokana na kuuza mnyama bila gharama za uhai wake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika biashara hii anayekopa ni mmoja na anayelipa ni mwingine, naye hana ulimi wa kulalamika.

Kuna msomaji atakayeniuliza: mbona unamlilia kinyonga ilhali kuku wa Bungu wanateketea kwa mdondo? Swali ni la haki, na jibu lake liko ndani ya hoja hii hii. Mwenye kuku naye hupiga hesabu na kuona kuku mmoja hastahili gharama ya daktari. Tofauti ni kwamba yeye hafugi kwa anasa. Kuku ndio ada ya shule na kitoweo cha mgeni. Kwake tiba ya mmoja mmoja si suluhisho. Suluhisho ni chanjo ya pamoja, ambayo inatengenezwa nchini, Kibaha, na kinachotakiwa ni ofisa mifugo kuifikisha kijijini kwa wakati. Basi wataalamu wetu wachache, wale wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwanza wana deni kwa kuku na ng'ombe wa wananchi.

Kwa sababu hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, marufuku ya kusafirisha wanyama waliokamatwa porini ibaki. Pili, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 tayari inamtaka mtu awe na kibali cha kumiliki mnyamapori, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa. Ziunganishwe kwa vitendo: asipewe kibali yeyote asiyemtaja daktari atakayemtibu mnyama wake na kuonyesha fedha za kumlipa. Tatu, wanyama wanaokamatwa mikononi mwa walanguzi huwa wagonjwa wa serikali kuanzia saa ile, kwa hiyo ni lazima tuwe na madaktari wetu wenyewe wanaojua kuwatibu, hata wakiwa wachache.

Na ndugu zetu walioko ughaibuni, ambao watoto wao wanaomba wanunuliwe mjusi dukani, nawasihi waulize bei ya daktari kabla ya bei ya mjusi. Wakiiona hawaimudu, wamwache alipo.