Poka: kanuni ya kwanza ambayo hawakufundishi

Nimechoka na watu wanaojidai kufundisha poka mtandaoni. Kila tovuti ni ile ile: orodha ya mikono kumi, picha za karata, kisha kiungo cha kuweka pesa. Juzi binamu yangu kaniambia ameshaujua mchezo, ameshatuma elfu mbili kwa simu, sasa anataka mbinu. Nikamwuliza: na karata zinachangwa na nani? Akacheka.

Tuelewane. Sisemi ule mchezo tunaouita poka mitaani, wa kufuatisha alama au namba mpaka utangaze "niko kadi". Huo ni mwingine kabisa (na kwangu mimi ni mtamu zaidi). Nasema Texas Hold'em. Wachezaji wawili walio kushoto mwa mgawaji huweka dau la lazima kabla hawajaona chochote. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, mnaweka dau. Zinafunuliwa tatu mezani, dau tena. Ya nne, dau. Ya tano, dau la mwisho. Katika hizo saba unachagua tano bora. Ukiona maji yamezidi unga unatupa karata zako na kuacha ulichokwisha weka. Mwenye mkono mkubwa huchukua chote, au aliyebaki peke yake wenzake wakishakimbia, hata kama hakuwa na kitu.

Mkono upi ni mkubwa? Usikariri, hesabu. Karata 52 hutoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Tano za alama moja, tuseme kopa tupu, hupatikana kwa njia 5,108. Tano za kufuatana, njia 10,200. (Nimeacha zile zenye sifa zote mbili.) Tatu za namba moja pamoja na jozi, njia 3,744. Nne za namba moja, 624. Kilicho adimu humshinda kilicho kingi, basi.

Ila hesabu hiyo yote ina sharti: karata ziwe zimechangwa sawasawa. Mezani unaiona mikono ya mchangaji. Kwenye tarakilishi mchangaji ni mtu kama mimi, aliyeandika msimbo saa nane za usiku huku mdosi akiutaka asubuhi.

Mnadhani natania? Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, ambayo programu yake ilitumiwa na PlanetPoker, ilichapisha msimbo wake wa kuchanga karata ili wachezaji waone kwamba ni wa haki. Wahandisi wa Reliable Software Technologies wakausoma. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi hivi kwamba idadi yake ina tarakimu 68. Programu ile ilianzia kwenye mbegu ya biti 32, kwa hivyo haikuweza kutoa zaidi ya mipango bilioni nne na ushei. Tena mbegu yenyewe ilitoka kwenye saa: milisekunde tangu usiku wa manane, na siku nzima ina 86,400,000 tu. Wahandisi wakalinganisha saa yao na ya seva, zikabaki kama 200,000. Hizo tarakilishi ya kawaida inazimaliza zote. Wakiwa na karata zao mbili na tatu za mezani, walijua mkono wa kila mchezaji na karata ambazo bado hazijafunuliwa!

Kuna waandishi wenzangu wa programu wanaosema kosa lilikuwa kuchapisha. Upuuzi mtupu. Hitilafu ilikuwapo kabla ya kuchapishwa. Ungefichwa, angeigundua mwizi mmoja na kunyamaza, na wengine wangelaumu bahati.

Mtasema siku hizi tovuti kubwa hukaguliwa na maabara za nje. Kweli, na ni vizuri. Basi waonyeshe cheti na waeleze mbegu inatoka wapi. Ile ya binamu yangu nimeipekua ukurasa kwa ukurasa: kuna picha za sarafu za dhahabu, kuna neno "nasibu" mara moja, basi. Nimemwandikia swali la mstari mmoja awatumie. Ametuma. Hawajajibu, na elfu mbili yake bado iko huko.