Kutoka Mipaka Iliyofungwa hadi Meza Moja: Somo la Upatanisho Afrika Mashariki

Mwezi Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Kwa zaidi ya miaka sita biashara na safari za kawaida baina ya wananchi wa nchi hizo mbili zilikwama, hadi mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Leo msafiri anayepita Namanga hukamilisha taratibu za nchi zote mbili katika kituo kimoja cha huduma kwa pamoja. Safari iliyopo kati ya matukio hayo mawili inastahili kutazamwa upya wakati huu ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama nane, inakabiliwa na mtihani wa kupatanisha wanachama wake wenyewe.

Jumuiya ya kwanza ilianzishwa kwa Mkataba uliosainiwa Kampala mwaka 1967. Kenya, Tanzania na Uganda zilimiliki kwa pamoja reli, bandari, posta na simu pamoja na shirika la ndege. Hata hivyo, ushirikiano huo ulielemewa na mambo mengi. Tanzania na Kenya zilifuata sera tofauti za uchumi, na malalamiko juu ya mgawanyo wa manufaa hayakupatiwa ufumbuzi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 yaliyomwingiza madarakani Idi Amin nchini Uganda, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na chombo cha juu cha maamuzi kikakosa vikao. Katikati ya mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Gharama ya kuvunjika huko ilionekana mapema. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia na kukalia eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera. Vita vilivyofuata viliondoa utawala wa Amin mwezi Aprili 1979, lakini viliacha makaburi, familia zilizohama makazi yao na uchumi uliodhoofika. Hapakuwa na chombo cha kikanda chenye nguvu ya kuuzima moto huo kabla haujawaka.

Hesabu kwanza, undugu baadaye

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Upatanisho wa Afrika Mashariki ulianza na daftari. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa jukumu la kusuluhisha mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya iliyovunjika. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa, na tarehe 14 Mei 1984 nchi tatu zilisaini Makubaliano ya Upatanishi jijini Arusha. Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26.

Makubaliano hayo hayakumaliza kila dai. Madai ya mafao ya wastaafu wa Jumuiya ya zamani yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Hata hivyo, yaliondoa shaka ya msingi kwamba jirani mmoja amejichukulia cha mwenzake. Muhimu zaidi, nchi hizo zilikubaliana ndani ya waraka huo huo kutafuta maeneo ya ushirikiano wa baadaye. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa makubaliano ya Novemba 1993 ya kuunda Tume ya Kudumu ya Pande Tatu, na hatimaye Mkataba wa sasa, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Marais Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni.

Mkataba huo haukuficha makosa ya zamani. Utangulizi wake unataja sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza: upungufu wa utashi wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na manufaa kuendelea kugawanywa bila uwiano. Kwa sababu hiyo Jumuiya mpya ilipewa Bunge na Mahakama. Mwananchi anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kufikisha shauri mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha endapo anaamini kuwa hatua ya nchi mwanachama inakiuka Mkataba.

Matunda yake yanaonekana hata pale palipokuwa uwanja wa vita. Tanzania na Uganda leo ni washirika katika Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, kilomita 1,147 zipo katika ardhi ya Tanzania.

Mtihani wa sasa

Mgogoro wa mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, umeonesha kuwa uanachama peke yake hauleti amani. Tarehe 8 Februari 2025 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa pamoja wa Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, uliotaka mapigano yasitishwe na kuagiza mchakato wa Luanda na ule wa Nairobi uunganishwe. Kuunganisha juhudi ni hatua ya maana, kwani meza zikiwa nyingi kila upande huchagua ile inayoupendeza.

Historia ya 1977 hadi 1999 inafundisha kuwa upatanisho wa kudumu hauharakishwi. Ulihitaji msuluhishi aliyeaminiwa na pande zote, madai yaliyoandikwa na kukubaliwa, mipaka iliyofunguliwa hatua kwa hatua, na taasisi zinazobaki hata viongozi wanapobadilika. Miaka 22 ilipita tangu Jumuiya ya kwanza kuvunjika hadi Mkataba mpya kusainiwa. Wagombanao ndio wapatanao, lakini kwa wakazi wa mipakani, ambao soko, shule na hospitali zao huvuka mstari wa ramani, kila mwaka unaopotea kabla ya kupatana una gharama yake.